Chumba Tulichopewa na Metroni

Ninyi mnaoanza uuguzi sasa mtakutana na watafiti wengi kuliko sisi tulivyokutana nao. Watakuja na hojaji na vinasa sauti, watawauliza kama mnalala, kama mnakula, kama mmewahi kutamani kuacha kazi na kurudi nyumbani kulima. Sisemi muwafukuze. Nasema kabla hamjafungua mdomo, muangalie mmekalishwa wapi. Nitawaeleza kwa nini, na nikitoka njiani mara moja moja mnivumilie. Nimestaafu, na hakuna mgonjwa wa kunikatiza.

Hospitali sitaitaja. Iko upande wa Nyambene, kwenye barabara ya kupanda Maua, na ni ya serikali. Mimi nilikuwa mkuu wa wodi ya wanawake. Asubuhi moja tukiwa tunakabidhiana zamu, Metroni aliingia. Metroni ndiye mkuu wa wauguzi wote hospitalini, anayepanga nani afanye kazi wapi, na wetu alikuwa mwanamke mrefu mwenye sauti ndogo sana. Hakuwahi kupiga kelele. Wakubwa wanaopiga kelele sikuwaogopa. Unajua walichokasirikia na unajua kitaisha saa ngapi. Huyu ungemsogelea ili usikie anachosema, na ukishamsogelea unakuta umekubali.

Nyuma yake alisimama mwanamke kijana mwenye mkoba mkubwa. Kitu cha kwanza nilichokitazama ni viatu. Muuguzi huvaa viatu vya kusimama. Hivi vilikuwa na kisigino.

"Huyu ni Wawira," Metroni akasema. "Ni muuguzi kama ninyi, anafundisha chuo kule Embu. Anafanya utafiti juu ya msongo wa mawazo kazini. Mtamsaidia."

Hilo "mtamsaidia" ndilo lililoharibu kila kitu. Kama angekuja peke yake, akasimama pale jikoni tukinywa uji, akatuambia kwao ni Siakago na viatu vinamuumiza, labda tungemsikiliza. Lakini aliletwa na Metroni, na mtu akiletwa na Metroni ni wa Metroni.

Mtasema tulikuwa wagumu bure. Hapana. Kabla ya hapo walikuwa wamekuja watu wengine, wakasema wanataka tu maoni yetu ili mazingira ya kazi yaboreshwe. Tukaongea. Mwenzetu mmoja aliyeongea kuliko wote, mama mwenye watoto wachanga, alijikuta amepewa transfa kwenda zahanati ya huko chini kwenye joto, mahali ambapo maji huletwa kwa punda. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya maoni yake. Hakuna aliyesema si kwa sababu ya maoni yake.

Kwa hiyo Wawira alipogawa zile hojaji, kila mtu aliziangalia kama anaangalia damu ambayo haina lebo. Hazikuwa na mahali pa kuandika jina, lakini pembeni juu kulikuwa na namba.

"Jina hawataki," akasema Karimi, muuguzi wa wodi ya watoto, ambaye mdomo wake haukuwahi kuwa na likizo. "Lakini namba wanaweka. Hata ng'ombe wa kuogeshwa dipu ana namba, na mwenyewe anajulikana."

"Hizo namba ni za kunisaidia kupanga karatasi tu, Sista," Wawira akamjibu kwa upole.

"Eeh," Karimi akasema. "Kupanga."

Baada ya chakula cha mchana, Karimi alipita wodi kwa wodi akitoa mafunzo. Kila swali lilikuwa na majibu matano, kuanzia "sijawahi" mpaka "kila siku". Ushauri wake ulikuwa kwamba kila mtu aweke alama katikati. Ukiweka "kila siku" wewe ni dhaifu, utahamishwa. Ukiweka "sijawahi" wewe ni mwongo, utachunguzwa. "Katikati," alisema, "hakuna kesi."

Hapa nitoke njiani kidogo. Mimi nilifundishwa kazi na Sista Mukiri, mkunga wa zamani, mwanamke mwenye mikono ya mkulima. Yeye alituambia kwamba uso wa muuguzi ni sehemu ya sare, unauvaa ukiingia na unauvua ukifika kwako. Alitufundisha pia mahali pa kulia. Usilie chooni, alisema, watu husikia na wanagonga. Lia ndani ya stoo ya mashuka, kwa sababu mashuka yanameza sauti, halafu toka na shuka moja mkononi. Hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi. Nimetumia ujuzi huo miaka yote ya kazi yangu, na mashuka mengi nimeyatoa ambayo hayakuhitajika na kitanda chochote.

Sasa mtu aliyelelewa hivyo unampa karatasi ya kumuuliza kama anahisi hisia zake zimekwisha. Na isitoshe, karatasi yenyewe ilikuwa ya Kiingereza. Huo "msongo" wenyewe hatukuwa na neno lake. Nyumbani kwa Kimeru tungesema tuna shida, au tumechoka, na kuchoka si ugonjwa. Kuchoka ni dalili kwamba umefanya kazi.

Wawira alirudi baada ya kuzikusanya. Alitukuta jikoni, akavuta kiti akaketi bila kukaribishwa.

"Nimesoma zile karatasi," akasema. "Nimefanya kazi wodini, najua ilivyo. Lakini kulingana na majibu yenu, hakuna hata mmoja hapa anayelala vibaya, hakuna anayelia, hakuna mwenye hasira, na wote mko katikati. Wote. Nafikiria niombe kazi hapa."

Tulicheka. Hata Karimi alicheka, ingawa aligeuka dirishani ili asionekane.

"Sitawalaumu," Wawira akaendelea. "Mimi mwenyewe ningeweka katikati. Lakini kuna sehemu ya pili, ya mazungumzo. Mtu mmoja mmoja. Asiyetaka, asije, na hakuna atakayejua hakuja. Metroni ametupa chumba."

Chumba chenyewe kilikuwa kando ya ofisi ya Metroni. Zamani kilikuwa stoo ya masanduku ya chanjo. Metroni alikuwa ameagiza kisafishwe, akaweka meza, viti viwili, na kitambaa cha meza alichokitoa kwake nyumbani. Kitambaa hicho kilinitia wasiwasi kuliko kinasa sauti. Tulikuwa tumeomba kitambaa cha pazia la wodi tangu zamani, hatukupata.

Niliamua kwenda. Lakini sikwenda kuongea, nilikwenda kumpima. Nilimuuliza maswali kabla hajaniuliza yeye. Nani amekutuma? Nani atasikiliza hiki kinasa? Nikibadilisha nia kesho, utafanya nini na maneno yangu? Alijibu yote bila kukwepa. Kinasa atakisikiliza yeye na mwalimu anayemsimamia. Nikibadilisha nia, atafuta. Majibu mazuri. Majibu mazuri mno, nikaona.

Basi nikamtegea. Nilimwambia jambo la uongo, jambo ambalo hakuna mtu mwingine duniani angeweza kulijua, kwa sababu nilikuwa nimelitunga wakati navaa sweta. Nilimwambia nimechoka na nchi hii, kwamba nimeanza kutafuta kazi Uingereza na hata mume wangu hajui. Mume wangu angesikia angecheka mpaka akohoe; mimi hata Nairobi nikilala siku mbili naulizia njia ya kurudi. Wawira hakuandika. Alinitazama tu, akasema, "Pole, Sista. Lazima ni mzigo kulibeba peke yako." Niliona haya kidogo, lakini sikurudi nyuma. Nikatoka, nikangoja.

Sikungoja sana. Nilikuwa napeleka ratiba ya zamu ofisini kwa Metroni. Aliipokea, akaisoma, akasema bila kuinua macho, "Nasikia baridi ya Uingereza ni kali, Sista Kagendo. Kuliko hata ya Timau."

Nikajibu kwamba sijui, sijawahi kufika, na nikatoka kwa mwendo wa kawaida. Nilipofika wodi ya watoto nilimwita Karimi kando, na kabla ya jua kutua hospitali nzima ilijua kwamba Wawira ni masikio ya Metroni. Hakuna aliyeingia tena kile chumba. Wawira aliketi humo na kitambaa chake cha meza, mlango wazi, na watu wakapita kwa njia ya nje ili wasionane naye.

Lakini mmoja alikuwa ameshaingia kabla yangu. Mwenda.

Mwenda alikuwa muuguzi wa chumba cha dharura, kijana mwenye watoto wawili, mcheshi, wa kwanza kutengeneza chai na wa mwisho kuinywa. Mnajua barabara ile. Pikapu za miraa hukimbizana kufika Nairobi, na zinapopinduka, chumba cha dharura ndicho hupokea. Kulikuwa na ajali moja mbaya, na katika walioletwa alikuwamo dereva aliyesoma darasa moja na Mwenda. Alifia mikononi mwake. Tulifanya kama tulivyofanya siku zote: tukabadilisha shuka, tukaosha kitanda, tukapokea anayefuata. Mwenda pia alipokea anayefuata.

Baada ya hapo alibadilika, na nitawapa hizi dalili kwa sababu hazimo katika hojaji yoyote niliyoiona. Muuguzi anayezama halii. Anapanga troli ileile upya wakati imeshapangwa. Anafika mapema mno na kuondoka amechelewa, kwa sababu nyumbani kuna utulivu na utulivu unamtisha. Anaacha utani. Ukiona mcheshi wa wodi amekuwa mtu wa "sawa, Sista, sawa, Sista," mfuate.

Mwenda alikuwa amemwambia Wawira ukweli wote. Aliniambia mwenyewe kwenye korido, uso umekauka, baada ya habari za Uingereza kuenea.

"Sista, ni kweli anamwambia Metroni?"

"Ni kweli. Nimemjaribu."

Wiki haikuisha Mwenda akapewa transfa kwenda zahanati moja nje ya Timau, ng'ambo kabisa ya kaunti, kule kwenye mashamba ya ngano. Bila kuitwa, bila kuelezwa. Mke wake ni mwalimu, hakuweza kuacha shule akamfuata. Mwenda aliondoka peke yake na begi moja, akabadilisha hata namba ya simu.

Hapo nilishikwa na hasira ambayo sijawahi kuwa nayo. Nilimkuta Wawira akifunga mkoba wake, maana alikuwa ameshaona utafiti umekufa. Nilifunga mlango wa chumba kile kwa mgongo wangu.

"Umemuuza yule kijana."

"Kijana gani?" Halafu uso wake ukabadilika. "Mwenda yuko wapi? Nimempigia, simu hailii. Nilimwambia nitampigia, nimemtafutia mtu wa kuongea naye. Sista, yuko wapi?"

"Metroni amempeleka Timau. Kwa maneno yako."

"Sijaongea na Metroni tangu anipe ufunguo."

"Na Uingereza yangu? Aliota?"

Aliacha kufunga mkoba. Nilidhani nimemkamata. Akasema polepole, "Sista, hilo la Uingereza halijatoka katika hiki kinasa. Hata mwalimu wangu hajalisikia. Siku ile chumbani tulikuwa nani?"

"Mimi na wewe."

"Na nje?"

Mimi nataka mjue kwamba sikumwamini. Mtu mwongo pia anaweza kuuliza swali zuri. Lakini swali lilibaki kichwani, na nilipokuwa narudi wodini nikakumbuka kitu. Siku ile nikiwa namdanganya, nilisikia kijiko kikikoroga kikombe. Kring, kring. Nilidhani ni mtu wa chai anapita korido. Lakini korido iko upande wa kulia wa kile chumba. Kijiko kilikuwa kushoto.

Metroni alipokwenda mkutanoni Meru mjini, nilichukua ratiba ya zamu kama sababu ya kuingia ofisini kwake. Nilikuwa nimemwambia Wawira aketi kwenye chumba chake, afunge mlango, aongee peke yake kwa sauti ya kawaida, jambo lolote. Nikakaa kwenye kiti cha Metroni.

Nilimsikia Wawira akieleza jinsi mama yake kule Siakago anavyopura ndengu, na jinsi mbuzi walivyoingia shambani siku ya mazishi ya shangazi, na waombolezaji wakaacha maombi kuwafukuza. Nilisikia kila neno. Nilimsikia akivuta pumzi. Niligonga ukuta kwa kidole. Kuta zote za jengo lile ni za mawe, ila huo. Huo ulikuwa plaiwudi, umepakwa rangi ileile ya krimu, na ukiutazama hutajua.

Nilirudi kule chumbani nikamwambia, "Mama yako apure ndengu mapema, kabla ya mbuzi." Akaelewa. Alijishika kichwa kwa mikono miwili.

"Basi nimempa Mwenda chumba chenye masikio," akasema. "Mimi. Nilimwambia hapa ni salama."

Sasa kumwendea Metroni. Msifikiri nilikwenda kishujaa. Nilisimama karibu na mlango.

"Metroni, huu ukuta wako unapitisha sauti."

Aliweka kalamu chini. "Najua unapitisha. Nikiwa hapa nasikia. Nizibe masikio na pamba?"

"Ungempa chumba kingine."

"Kipi? Wagonjwa wanalala wawili wawili. Kipi, Sista?"

"Basi ungemwambia kwamba unasikia."

Alitazama dirishani, ambako hakukuwa na kitu isipokuwa tangi la maji.

"Ulimsikia Mwenda," nikasema.

"Nilimsikia." Sauti yake ndogo ikawa ndogo zaidi, nikalazimika kusogea. "Alisema akiwa kwenye pikipiki yake anaona lori likija, na hajali kama litamgonga. Wewe ungefanya nini? Ungekaa na hilo?"

"Ningemwita nimwulize."

"Umwambie umelisikia wapi?"

Nikautazama ule ukuta.

"Nilimpeleka mahali ambapo hakuna ajali," akasema. "Timau ni watoto wenye mafua, na wafanyakazi wa mashamba ya maua wenye macho mekundu. Nilidhani atapumzika."

"Umempeleka mbali na mke wake, Metroni. Mbali na sisi sote. Na anadhani ni adhabu."

Alichukua kalamu, akaniambia nirudi kazini. Na mpaka leo sijaamua. Kuna siku naona alikuwa mtu aliyeogopa, akafanya kitu pekee ambacho cheo chake kilijua kufanya. Kuna siku naona alitaka tu, kama jambo baya litatokea, litokee mahali pengine. Wote wawili wanaweza kukaa ndani ya mtu mmoja, na ninyi mtafanya kazi chini ya watu kama hao.

Jumamosi iliyofuata Wawira alinichukua kwa gari lake dogo tukaenda Timau. Karimi alikuwa amenionya nisipande gari la mtu ambaye bado hatujamjua. Nilipanda, lakini nilimtumia Karimi namba ya gari.

Zahanati iko pembeni ya shamba la ngano lisilo na mwisho, na upepo wa mlima unashuka moja kwa moja mpaka kwenye mifupa. Tulimkuta Mwenda akimaliza kuchanja watoto. Alikuwa amekonda, ndevu hajanyoa. Mikono yake ilifanya kazi vizuri kama zamani. Mikono ndiyo huwa ya mwisho kuacha. Alipotuona alimaliza na mtoto aliyekuwa naye, akamwambia mama siku ya kurudi, ndipo akatugeukia.

"Mmekuja wawili. Vizuri. Na Metroni mmemwacha kwenye gari?"

"Mwenda," Wawira akaanza.

"Wewe sitaki kukusikia."

"Basi nisikie mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyekuambia kwamba huyu amekuuza. Sikuwa na ukweli wote. Ni ukuta. Kile chumba na ofisi ya Metroni vimetenganishwa na plaiwudi. Nimekaa upande wa pili mimi mwenyewe, nimesikia mpaka pumzi."

Alinitazama kama mtu anayetafuta mtego, na sikumlaumu, mimi ningefanya vilevile.

"Unaniambia ni ukuta."

"Nakuambia ni ukuta."

"Nimekaa huku nikihesabu ni nani kati yenu alinichukia," akasema. "Nimewapitia wote. Hata mpishi. Na ni mbao."

Akaanza kucheka, kicheko kibaya kisicho na raha, na katikati yake kikageuka. Alilia pale pale kwenye benchi la akina mama, mbele ya friji ya chanjo, bila kujificha. Nilikaa upande mmoja. Wawira alibaki amesimama mpaka Mwenda mwenyewe akasogea kumwachia nafasi.

Hakukubali kila kitu siku ile. Wawira alikuwa na muuguzi wa afya ya akili huko Embu aliyemwamini, na Mwenda akauliza kwanza chumba chake kikoje. Wawira akampigia hapo hapo akamwuliza. Kuta ni za mawe, yule akajibu, na jirani yake ni duka la kushona lenye cherehani inayopiga kelele mchana kutwa. "Hiyo ya cherehani ni nzuri," Mwenda akasema. Akaenda. Safari ya kwanza nilimsindikiza, zilizofuata alikwenda na mkewe. Dawa alipewa kwa muda, mazungumzo kwa muda mrefu zaidi. Mwishoni Metroni alimwambia anaweza kurudi, naye akakataa. Aliomba mke wake ahamishiwe shule ya Timau, na ikachukua kusumbuana kwingi lakini ikawezekana. Bado yuko huko. Juzi alinipigia kuniuliza kama nina mbegu ya viazi, tukaongea mpaka simu ikawa moto.

Wawira alifanya jambo ambalo lilinishangaza. Alikwenda kwa mwalimu wake akaeleza yote, chumba na ukuta, na akakubali kuanza upya. Karatasi zetu za katikati zikatupwa. Alirudi bila kusindikizwa na mtu, akiwa na viatu vya chini, akasema sasa tuchague mahali sisi wenyewe.

Tulichagua kiwanja cha nyuma ya chumba cha dobi, mahali pa kuanika mashuka. Ni uwanja wa majani, wazi pande zote. Tuliweka viti viwili katikati, mbali na kila kitu, na mmoja wetu akakaa zamu pembeni ili asiruhusu mtu kukaribia. "Hapa hata kunguru akitega sikio tutamwona," Karimi akasema. Na akaongea. Karimi, mwenye katikati hakuna kesi, alikaa kwenye kile kiti mpaka chai yake ikapoa. Watu waliongea kwa Kimeru, Wawira akajibu kwa Kiembu chake, na pale wasipoelewana wakakutana kwenye Kiswahili.

Mtaniuliza utafiti ulileta nini. Ulisomwa ukumbini, wakubwa wakapiga makofi. Kisha tukaletewa mtu wa kutufundisha kuvuta pumzi, kana kwamba tulikuwa tumesahau. Wauguzi hawakuongezwa. Lakini mambo mawili yalibadilika: baada ya kifo kigumu, waliokuwepo wanapewa nafasi ya kuketi pamoja kabla ya kuendelea, na hakuna anayehamishwa bila kuitwa na kuelezwa ana kwa ana. Mkifika mahali ambapo hayo yapo, msidhani yalikuwepo siku zote. Na mkiona yameanza kupotea, ulizeni.

Siku ya mwisho ya yale mazungumzo, zamu ya kulinda kiwanja ilikuwa yangu. Wawira alikuwa ameanza kukunja viti. Nikaona mtu anakuja kutoka upande wa ofisi, anatembea polepole kwenye majani, mrefu. Nilisimama. Nilitaka kumzuia, na nadhani aliona.

"Hii ni ya wauguzi wote?" Metroni akaniuliza.

"Ni ya wote."

"Mimi pia ni muuguzi." Akatazama vile viti. "Basi sogea, Sista Kagendo. Sogea kabisa, mpaka kule kwenye bomba. Nakujua."

Nilisogea mpaka kwenye bomba. Kutoka pale nilimwona akiketi, akiweka mkoba wake miguuni. Wawira alitoa kinasa sauti. Metroni akatikisa kichwa, kikarudi mfukoni. Waliongea. Upepo ulikuwa unavuma kutoka kwao kuja kwangu, na bado sikupata hata neno moja. Wakati fulani Metroni aliinamisha kichwa, na Wawira akavuta kiti chake karibu. Shuka zilizoanikwa zilikuwa zimeshakauka wakati anasimama. Alinipita bila kunitazama, akaenda zake, na mwaka huohuo akastaafu.

Nilipostaafu na mimi, nilikwenda Embu kumtembelea Wawira. Nilikuwa nimekaa na lile swali muda mrefu, na nilidhani sasa nimepata haki ya kuliuliza. Nilingoja mpaka tumemaliza kula, nikaongea juu juu, kana kwamba nimelikumbuka tu wakati ule.

"Hivi, Metroni alikuambia nini siku ile?"

Wawira alinyanyua chupa ya chai, akatazama kikombe changu.

"Nikuongezee, mama?"